Moto, Moshi na Tochi: Jinsi ya Kutuma Ishara Inayoeleweka Ziwani

Usiku ambao mwezi haujatoka, ziwa kati ya Mwanza na Ukerewe hujaa taa za wavuvi wa dagaa, kuanzia karibu na ufuko hadi mbali kabisa. Mtumbwi ambao injini yake imezima na maji yanaingia nao una taa kama mingine. Aliye mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, anauona, ila hajui kwamba anauona. Hilo ndilo tatizo la kwanza la ishara katika ziwa hili, na kuwasha taa kali zaidi hakulitatui.

Ishara ni kitu ambacho hakiwezi kutokea kwa bahati. Moto mmoja ufukweni ni mtu anapika au anachoma mabaki ya shamba, lakini mioto mitatu iliyopangwa kwa nafasi sawa hakuna anayeiwasha bila sababu. Mkono mmoja unaopungwa ni salamu, na ziwani watu hupungiana mikono siku nzima. Mikono miwili iliyonyooshwa pembeni, ikipandishwa na kushushwa polepole mara nyingi, ni kuomba msaada. Taa inayowaka tu haisemi kitu. Taa inayowaka na kufichwa kwa hesabu inasema.

Hata ishara kali hupotea ikiwa anayeiona hajui maana yake. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, Titanic ilipokuwa inazama, ilirusha roketi nyeupe. Maafisa wa zamu wa meli Californian, iliyokuwa imesimama kwa sababu ya barafu, waliziona roketi nyeupe zikipanda, wakajiuliza ni za nini, na meli yao haikuondoka kwenda kutazama. Mtu wa redio alikuwa amelala na hakuamshwa hadi alfajiri. Macho yalikuwepo na mwanga ulikuwepo, kilichokosekana ni uamuzi wa mapema kwamba ukiona kitu fulani unafanya jambo fulani. Kwa hiyo kazi inaanzia nchi kavu, mchana, watu wakiwa wamekaa chini.

Makubaliano ya mwaloni

Polybius, Mgriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza kasoro ya mioto ya ishara ya zamani: iliweza kusema tu yale ambayo watu walikuwa wamekubaliana kabla. Kwenye kuta za China enzi za Ming walifanya hivyo kwa makusudi, idadi ya mioshi na milipuko ya mizinga ikieleza ukubwa wa jeshi linalokuja. Kwa mwalo wetu, maneno machache yaliyokubaliwa yanatosha kabisa, na yakizidi matano watu watayachanganya usiku wakiwa na baridi na hofu.

Mpangilio tunaoupendekeza BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), matajiri wa mitumbwi na manahodha waukubali pamoja ni huu:

Mimuliko sita ndani ya dakika moja (mmoja kila sekunde 10), kisha giza dakika moja, kisha sita tena: tuko hatarini. Wapanda milima wa Alps wanautumia tangu 1894, na uzuri wake ni kwamba unafanya kazi kwa tochi, filimbi, kioo, hata kwa debe linalopigwa.

Mimuliko mitatu ndani ya dakika moja (mmoja kila sekunde 20), kisha giza dakika moja: tumewaona, tunakuja. Hili ni jibu, na anayeomba msaada asilitumie kamwe.

SOS, yaani mifupi mitatu, mirefu mitatu, mifupi mitatu: hatari, kwa yeyote anayeona, hata nahodha wa meli ambaye hajakaa kwenye kikao chenu. Ilikubaliwa kimataifa Berlin mwaka 1906 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 1908.

Mioto mitatu ufukweni au kisiwani: tumekwama, njooni.

Tochi inayozungushwa duara kubwa polepole kutoka nchi kavu: usitue hapa, kuna mawe au mawimbi. Hii ya mwisho ni ya kwenu wenyewe na si ya kimataifa, kwa hiyo mgeni hataielewa. Iandikeni kwenye ubao wa mwalo pamoja na zile nyingine.

Uko mbali kiasi gani kuonekana

Dunia imejipinda, na ziwa nalo limejipinda nayo. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: chukua kimo cha jicho au cha taa juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.6. Jibu ni kilomita hadi upeo wa macho. Ukitaka kujua taa itaonekana kutoka wapi, fanya hesabu kwa taa na kwa mtazamaji, kisha jumlisha.

Mtu aliyeketi mtumbwini ameshika tochi mita 1 juu ya maji anapata kilomita 3.6. Mtazamaji aliyesimama mchangani, jicho mita 1.6, anapata 4.6. Jumla ni kama kilomita 8, na zaidi ya hapo tochi iko chini ya upeo hata iwe kali vipi. Sasa funga tochi hiyo hiyo kwenye ncha ya kasia na uinyanyue hadi mita 3: 6.2. Mtazamaji naye apande juu ya mwamba wa mita 25: 18. Jumla inakuwa kilomita 24. Watu wale wale na tochi ile ile, ila umbali umekuwa karibu mara tatu. Hii ndiyo maana mlinzi wa usiku wa mwalo anatakiwa kukaa juu ya mawe na si kwenye kibanda cha samaki. Mwanza tumejaliwa mawe, hakuna sababu ya kulinda tukiwa chini.

Hesabu hii inahusu mstari wa macho peke yake. Tochi dhaifu itafifia kabla ya kufika huko, na mvua au ukungu hufupisha kila kitu.

Tochi, karabai na ndoo

Usitegemee swichi. Tochi nyingi za bei nafuu hubadili hali kila unapobonyeza (kali, hafifu, ya kumetameta), na mpangilio wako unavurugika. Washa tochi kwenye mwanga mkali, iache iwake, ukate mwanga kwa kiganja au kofia. Kwa SOS hesabu kimoyomoyo: mfupi ni "moja", mrefu ni "moja, mbili, tatu", giza kati yake ni "moja". Baada ya herufi hesabu tatu, baada ya SOS nzima hesabu saba kisha urudie. Kosa la kawaida ni haraka. Mtu mwenye hofu hufupisha mirefu hadi inalingana na mifupi, na anayetazama kutoka mbali anaona taa inayotikisika na mawimbi. Afadhali uende taratibu mno.

Mtumbwi wa dagaa una kitu bora kuliko tochi: taa yenyewe ya kuvulia. Karabai huwezi kuizima na kuiwasha kila sekunde, lakini unaweza kuifunika. Kwa karabai tumia ndoo ya bati au debe lililokatwa, kwa sababu ndoo ya plastiki itayeyuka. Funika kutoka upande wa mtazamaji, si kutoka juu, maana ukiifunika yote taa itakosa hewa na kuzimika. Kwa taa za sola ndoo yoyote inafaa, hata gunia lililokunjwa mara mbili. Zima taa nyingine zote za mtumbwi huo kwanza. Mtumbwi wenye taa tatu, moja ikifunikwa na mbili zikiendelea kuwaka, kwa mbali huonekana haujabadilika.

Tochi ya simu itumie ukiwa umesikia injini karibu. Kazi kubwa ya simu ni kupiga 112 na kueleza mlipo, kwa hiyo ifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji na utunze chaji.

Kioo, na CD ya zamani

Jua likiwepo, hakuna ishara ya mchana inayoshinda kioo kwa uzito wake. Mwaka 1894 wanajeshi wa ishara wa Marekani walipelekeana ujumbe kwa vioo vya inchi 8 kutoka mlima Ellen huko Utah hadi mlima Uncompahgre huko Colorado, maili 183, karibu kilomita 295. Walikuwa milimani, ziwani upeo wa macho utakuzuia mapema zaidi, lakini kioo chenyewe hakitakuwa sababu.

Ugumu uko kwenye kulenga. Jua linaonekana na upana wa kama nusu digrii, kwa hiyo mwali wa kioo bapa hutanuka kwa kiasi hicho hicho: kwa kilomita 1 una upana wa kama mita 9, kwa kilomita 10 kama mita 90. Ukitikisa kioo ovyo mwali unapita juu ya boti kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Lenga hivi. Nyoosha mkono mmoja mbele, utengeneze V kwa vidole viwili, na uweke boti unayoitaka katikati ya V. Shika kioo karibu na shavu, chini kidogo ya jicho. Geuza kioo hadi mwanga wake uangukie vidole vyote viwili. Hapo mwali unapita katikati na kufika kwenye boti. Kisha inamisha kioo kidogo juu na chini ili mwali uende na kurudi. Ukiwa na CD ya zamani kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu ina tundu. Geuza upande usio na maandishi uelekee mbele, weka jicho nyuma ya tundu, tazama boti kupitia tundu, na uhakikishe mwanga unagusa vidole vya V.

Vioo vilivyopinda, kama vile vya pikipiki, hutawanya mwanga na havifai kwa mbali. Jua likiwa chini na limekaa nyuma yako kabisa utahangaika, kwa hiyo geuka utafute boti upande mwingine.

Mioto mitatu

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nafasi kwanza. Ukiwasha mioto mitatu kwa mita 5 kati yake, mtu aliye kilomita 10 ataona moto mmoja mpana. Jicho linahitaji nafasi. Weka mita 25 hadi 30, yaani hatua 30 hadi 40 za mtu mzima. Vitabu vingi husema pembetatu, na kwa ndege hilo ni sahihi. Kwa watazamaji walio majini, pembetatu ikitazamwa kutoka pembeni mioto miwili hujificha mmoja nyuma ya mwingine. Pangeni mstari sambamba na ufuko, na kama mnatarajia ndege ya utafutaji sogezeni moto wa katikati nyuma kwa hatua 30.

Safisha mduara wa mita 3 kuzunguka kila moto, hasa kuanzia Juni hadi Septemba nyasi zikiwa kavu. Usiwashe moja kwa moja juu ya mwamba: mawe yetu ya matale hubanduka magamba yakipata joto la ghafla, vipande huruka, na jiwe lililolowa ni baya zaidi. Tandaza mchanga wa kina cha sentimita 10 kwanza.

Kila rundo linahitaji kumbatio moja la nyasi kavu au matete makavu, kumbatio la vijiti vya unene wa kidole, na vipande 12 hadi 15 vya kuni za unene wa kifundo cha mkono. Laza kuni mbili chini, nyingine mbili juu yake kwa kukatisha, ili hewa ipite na unyevu wa ardhi usipande. Jaza nyasi katikati, simamisha vijiti vikiegemeana, kisha kuni nene nje zikiacha mlango upande upepo unakotoka. Funika kwa turubai au bati. Magome makavu ya mkaratusi huwaka upesi na yanafaa kuwashia. Epuka minyaa, utomvu wake unaunguza macho.

Rundo lililojengwa vizuri linatakiwa kuwaka ndani ya dakika moja tangu kiberiti kiguse. Lisipowaka, mara nyingi limebanwa mno. Watu hurundika kuni kana kwamba wanajenga tanuri la mkaa, na matokeo yake ni ya tanuri la mkaa: moshi kidogo bila mwali. Kama uko peke yako na huwezi kulisha mioto mitatu, washa mmoja na uache mawili yakiwa tayari chini ya turubai hadi usikie injini au uone taa inayosogea. Kwa huo mmoja unaweza kupata mpangilio kwa kuinua na kushusha turubai lililolowa mbele ya mwali, mara sita kwa dakika.

Mchana mwali hauonekani, kwa hiyo unahitaji moshi. Acha moto uwake dakika 15 hadi 20 upate kitanda cha makaa mekundu, ndipo uongeze majani mabichi, kwa mfano ya mwembe, konzi moja moja. Ukitupa lundo zima unaua moto. Magugu maji yanavutia kwa sababu yamejaa ufukweni, lakini karibu yote ni maji. Yakianikwa hadi yanyauke yanatoa moshi mzuri, yakitoka ziwani moja kwa moja yanazima makaa. Moshi mweupe huonekana vizuri mbele ya kilima cha kijani. Mbele ya mawingu meupe au miamba ya kijivu unahitaji moshi mweusi, na njia ya kuupata ni mpira au mafuta machafu kidogo. Moshi huo ni sumu. Kaeni upande upepo unakotoka, na tumieni pale tu maisha yanapoutegemea.

Kisha kuna upepo. Ziwa hupuliza kuelekea nchi kavu kuanzia asubuhi inapochangamka hadi jioni, na usiku hali hugeuka. Moshi wa saa nane mchana utalala chini na kukimbilia vilimani nyuma yako, ambako walio ziwani hawautofautishi na moto wa shamba. Saa nzuri ya moshi ni mapema asubuhi, hewa ikiwa imetulia na moshi ukipanda wima. Andaa makaa kabla jua halijachomoza.

Moto ndani ya mtumbwi

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zina orodha ya ishara za hatari, na miali ya moto juu ya chombo imo. Ziliandikwa kwa meli. Mtumbwi wa mbao wenye petroli ya injini ni jambo lingine: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini kati ya mataruma (mbavu za mtumbwi), na cheche moja inatosha. Maoni yetu ni kwamba moto wazi mtumbwini uwe chaguo la mwisho, baada ya taa, tochi, filimbi na simu.

Ikilazimu, fanya mwenge. Zungushia matambara ya pamba kwenye ncha ya kasia, funga kwa waya (kamba ya nailoni itaungua na kuachia), lowesha kwa mafuta ya taa kama robo lita, kamua yasidondoke. Petroli hapana, hata kidogo. Sogeza tangi la mafuta mwisho mwingine wa mtumbwi na ulifunge. Nyoosha mwenge nje juu ya maji, upande upepo unakoelekea, wengine wakikaa upande wa pili kusawazisha chombo. Utawaka dakika chache tu, kwa hiyo usiuwashe hadi kuna mtu wa kuuona.

Fataki za hatari za melini ni salama zaidi na mitumbwi mingi haina, lakini abiria na wafanyakazi wa boti kubwa wazijue. Ya kushika mkononi huwaka nyekundu kwa dakika moja au zaidi: ishike nje ya chombo upande upepo unakoelekea, imeinama kidogo, na usiitazame. Roketi ya mwavuli hupanda kama mita 300 na kuwaka sekunde 40. Roketi hujigeuza kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo ilenge kidogo kuelekea upepo unakokwenda, na kama mawingu yako chini ilaze zaidi iwake chini yake. Kopo la moshi wa rangi ya chungwa ni la mchana na hudumu kama dakika 3. Angalia tarehe ya mwisho. Nyingi hupewa miaka 3.

Kwenye orodha hiyo hiyo kuna ishara isiyohitaji gharama: bendera ya mraba ikiwa na kitu cha mviringo juu au chini yake. Khanga iliyokunjwa mraba na boya la wavu, vikifungwa kwenye mlingoti au kasia, vinatosha.

Sauti

Usiku hewa iliyo juu ya maji hupoa na kuirudisha sauti chini, ndiyo maana mazungumzo ya mtumbwi wa mbali husikika mwaloni kana kwamba wako jirani. Tumia nafasi hiyo. Filimbi hupita mbali kuliko kupiga kelele na haichoshi koo. Ifunge kwenye jaketi la kuokolea maisha, moja kwa kila mtu. Sita kwa dakika, pumzika dakika moja, na katika dakika hiyo nyamazeni kabisa, zimeni injini kama inawaka, msikilize jibu. Sauti inayopigwa dhidi ya upepo haifiki. Usukumani kila mtu anajua kwamba mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa kijijini unatoka, huulizi kwanza; mpigo wa sita ukubaliwe kwa uzito huo huo mwaloni.

Walio nchi kavu

Aliyeona ishara ana kazi tatu kabla ya kukimbia kuita watu. Ya kwanza ni kujibu kwa mimuliko mitatu, ili walio majini wajue na waache kumaliza betri. Ya pili ni kuweka alama ya uelekeo: simama ulipo, laza kasia au panga mawe mawili chini yakielekea mwanga ule, uandike saa. Mwanga unaweza kuzimika dakika inayofuata, na uelekeo wa kukumbuka kichwani hupotea mara tu unapogeuka. Mtu mwingine akifanya hivyo kutoka mwamba ulio mita 500 pembeni, mistari miwili ikikutana ndipo mtumbwi ulipo. Ya tatu ni kumwacha mtu pale pale juu, asiondoke, kwa kuwa waokoaji wakishuka kwenye boti upeo wao unakuwa kilomita chache na watahitaji kuelekezwa.

Kuwarudisha watu kati ya mawe usiku, moto mmoja haufai. Unawaambia nchi kavu iko wapi, hauwaambii njia iko wapi. Tumieni taa mbili za mstari. Chagueni njia salama mchana. Taa ya mbele iwe karibu na maji, ya nyuma mita 50 hadi 100 ndani zaidi na angalau mita 3 juu ya ile ya mbele, zote mbili juu ya mstari wa njia hiyo hiyo. Nahodha akiziona zimesimama wima, moja juu ya nyingine, yuko njiani. Zikiachana, ageuze chombo kuelekea upande ilikoegemea taa ya chini hadi zisimame tena. Kwa umbali wa kilomita 1, taa zilizowekwa mita 50 kati yake zinamwonyesha kosa la kama mita 20. Zikiwekwa mita 100 kati yake, kosa la kama mita 10. Kama mawe yenu yameacha upenyo mwembamba, ongezeni nafasi kati ya taa. Na zipeni alama, kwa mfano kitambaa chekundu kwenye ya chini, zisichanganywe na taa za nyumba.

Herufi nzima kwa tochi

Kisiwa na kisiwa, au kambi na mwalo, mtandao ukiwa umekatika, mnaweza kusema lolote. Polybius aligawa herufi 24 za Kigiriki katika vibao vitano: mienge ya kushoto ilitaja kibao, ya kulia ikataja herufi. Herufi za Kiswahili, CH ikihesabiwa moja na bila Q na X, nazo ni 24, kwa hiyo mpango wake unatukaa bila kurekebishwa:

Safu ya 1: A B CH D E
Safu ya 2: F G H I J
Safu ya 3: K L M N O
Safu ya 4: P R S T U
Safu ya 5: V W Y Z, na nafasi ya tano ni mwisho wa neno

Mulika idadi ya safu, giza la hesabu mbili, mulika nafasi ya herufi ndani ya safu, giza la hesabu nne. BOTI ni 1-2, 3-5, 4-4, 2-4. SH ni S kisha H, NY ni N kisha Y. Kwa bahati nzuri A, inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, ndiyo nafuu kuliko zote: mmuliko mmoja na mmoja.

Kila upande uwe na watu wawili, mmoja akitazama na kutaja namba kwa sauti, mwingine akiandika bila kuinua macho. Mtu mmoja akifanya yote mawili atakosa herufi kila anapoinama. Mpokeaji ajibu kila neno kwa mmuliko mmoja mrefu. Asipojibu, neno hilo lirudiwe tangu mwanzo, si kuanzia lilipokatikia. Neno la herufi nne huchukua kama dakika moja, kwa hiyo fupisheni ujumbe kabla ya kushika tochi, jambo ambalo Polybius naye alilisisitiza. Badala ya "tunaomba mtuletee injini nyingine kesho asubuhi", mulikeni INJINI KESHO. Namba zitumwe kama zilivyo, zikitanguliwa na neno NAMBA: 4 ni mimuliko minne, 0 ni mmuliko mmoja wa hesabu tano.

Jaribuni kwanza mkiwa mita 200, jioni, na maneno ambayo mpokeaji hayajui. Mkipata matatu mfululizo bila kosa, ongezeni umbali hadi kilomita 1. Wajulisheni viongozi wa mwalo saa ya mazoezi, na mimuliko sita ya hatari isitumike mazoezini.